Kabla Hujamhamisha Mwanao Timu

Juma lililopita nilipokea barua kutoka kwa mama mmoja wa mtaa wa Umoja, hapa Nairobi, na tangu niisome haijanitoka akilini. Nimeamua kuijibu hadharani kwa sababu najua si yeye peke yake anayekabiliwa na jambo hili.

Mama huyo ana mvulana wa miaka 12 ambaye amekuwa akiichezea timu ya mtaa tangu alipokuwa na miaka saba. Timu yenyewe haina makuu. Mazoezi hufanyiwa katika uwanja wa vumbi kando ya shule, jezi zimechujuka rangi, na kocha ni kijana wa papo hapo mtaani ambaye halipwi kitu isipokuwa chai anayochangiwa na wazazi. Basi Jumamosi moja akatokea bwana aliyevalia suti ya michezo, akatazama mechi hadi kipenga cha mwisho, kisha akamwendea mama na kumwambia kwamba kijana wake anapotezewa wakati. Akamtaka ampeleke katika akademia iliyo upande wa pili wa jiji, karibu na Barabara ya Ngong, ambako kuna nyasi, makocha wenye vyeti na "njia ya kufika mbali".

Baba mtoto alikubali papo hapo. Kocha wa mtaa amenuna. Kijana mwenyewe, asema mama, amenyamaza tu. "Nikimkataza, je, nitakuwa nimemzibia riziki? Na nikimruhusu, nitakuwa nimemtupa mikononi mwa watu nisiowajua?" Ndivyo alivyoimalizia barua yake.

Mzazi mwenzangu, kabla sijamjibu mama huyu, sina budi kuungama kosa langu mwenyewe.

Miaka mingi iliyopita kijana wangu alikuwa na umri wa miaka 11, naye alikuwa akicheza kiungo katika timu ya mtaa wetu. Likizo moja ya Desemba walishiriki mashindano ya vijana wakafungwa mabao sita kwa nunge. Nilirudi nyumbani nikiwa nimefura kwa hasira, utadhani ni mimi niliyefungwa. Juma hilo hilo nikamtoa, nikampeleka katika klabu moja iliyosifika sana, ambayo sitaitaja kwa jina. Watoto walishuka kwenye basi wamevaa sare moja kuanzia kofia hadi soksi. Moyo wangu ukaburudika.

Kile ambacho sikukiuliza ni wangapi waliokuwa kwenye orodha. Kumbe kikosi cha umri wake kilikuwa na watoto 24, na waliokuwa wakiingia uwanjani ni tisa kwa wakati mmoja. Kijana wangu akawa wa kukaa kwenye benchi, akiingizwa dakika tano za mwisho pale ambapo mechi ilikuwa imekwisha amuliwa. Baada ya miezi michache zikaanza ngonjera za Jumamosi asubuhi: "Baba, tumbo linauma." Nikamwona mvivu. Nikampigia hesabu ya ada niliyolipa na njumu nilizonunua. Naye akanyamaza, akajikokota, akaenda.

Siku moja nilirejea kutoka kazini mapema nikamkuta nyuma ya nyumba na wale marafiki zake wa timu ya zamani. Walikuwa wakicheza mpira wa makaratasi, mawe mawili kila upande yakiwa ndiyo magoli. Alikuwa akicheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa karibu mwaka mzima. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilimhamisha mtoto ili kuitibu aibu yangu mimi, wala si kwa lolote alilokosa yeye.

Nilimwendea kocha wa mtaa na kuomba radhi. Hakuniringia. Aliniambia, "Mzee, mtoto hana kosa. Jezi yake bado iko." Sijasahau maneno hayo hata leo.

Ndiyo maana nasema hivi: swali la kwanza si kama klabu mpya ni bora kuliko ya zamani. Swali la kwanza ni hili: anayetaka kuhama ni nani, na anahama kwa ajili ya nini?

Wahenga walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hata hivyo, methali hiyo nayo isigeuzwe kamba ya kumfungia mtoto mahali ambapo hakui. Maji yakituama huoza. Zipo sababu nzuri za kuhama, na zipo sababu mbaya zinazojivika nguo za sababu nzuri. Hebu tuzitenganishe.

Anza na muda wa kucheza. Chukua daftari la shule, lile la shilingi chache, uandike kwa majuma sita kila mechi ya mwanao: aliingia dakika ya ngapi, akatoka dakika ya ngapi. Usitegemee kumbukumbu, kwani hasira huongeza na mapenzi hupunguza. Mtoto wa miaka 10, 11 au 12 hujifunza kandanda kwa kuugusa mpira. Hajifunzi kwa kuwatazama wenzake akiwa benchini. Ikiwa baada ya majuma hayo sita utaona kwamba kwa kawaida anacheza nusu ya mechi au zaidi, usidai zaidi. Ikiwa hapati hata robo, nenda ukazungumze na kocha kwa upole, siku ya mazoezi wala si siku ya mechi, umuulize mwanao afanye nini ili apate nafasi. Kocha mwema atakupa jibu lenye kitu cha kufanya: "Mguu wake wa kushoto bado", au "Hatazami kabla ya kupokea pasi." Kocha asiye na jibu, au anayekwambia tu kwamba wengine ni bora, amekwisha kukujibu.

Pili, chunguza kama anafunzwa. Nenda ukae kando ya uwanja siku ya mazoezi uhesabu mipira. Watoto 20 wakiwa na mpira mmoja, kumi na wanane wakiwa wamepanga foleni wakipigana makofi, hayo si mazoezi. Kukimbia kuzunguka uwanja saa nzima nako si kufunzwa soka. Mkiwa njiani kurudi nyumbani, muulize: "Leo umejifunza nini?" Akikwambia "hakuna" mara moja, huenda amechoka. Akikwambia hivyo mwezi mzima, lipo tatizo.

Tatu, kumbuka kwamba mwili wa mtoto una saa yake. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi zaidi wanapokuwa na miaka 13 au 14, na wasichana wanapokuwa na miaka 11 au 12, lakini wapo wanaotangulia na wapo wanaochelewa kwa miaka miwili au zaidi bila kuwa na ugonjwa wowote. Katika timu ya walio chini ya miaka 13 utamwona mmoja ana ndevu zinazochomoza na mwingine bado anafanana na wa Gredi ya 4. Yule mkubwa atafunga mabao kwa nguvu za mapaja, na mzazi wa yule mdogo atadhani mwanawe hana kipaji. Usimhamishe mtoto kwa sababu ni mfupi. Msubiri. Ila ukiona kocha anawapanga wakubwa tu na kuwatupa wadogo kila msimu, bila kujali nani anaujua mpira, hapo una haki ya kutafuta mahali pengine. Vilevile, mtoto anayelalamikia maumivu chini ya kifuniko cha goti wakati anaporefuka asiitwe mwoga. Maumivu hayo ni ya kawaida kwa vijana wanaocheza sana, na dawa yake kubwa ni kupunguza mazoezi na kumwona daktari, wala si kubadilisha klabu.

Nne, kuna sababu ya wazi ambayo haihitaji daftari: timu ya sasa haina nafasi kwa umri au jinsia yake. Mitaa mingi yetu ina timu za wavulana wadogo, lakini msichana akifikisha miaka 12 au 13 hujikuta peke yake, wenzake wameacha na hakuna timu ya mabinti. Msichana kama huyo ana kila haki ya kupelekwa panapo timu yake, hata kama ni mbali kidogo. Usimkalishe nyumbani kwa kisingizio cha umbali ilhali kaka yake anasafirishwa kila Jumamosi.

Na tano, ipo sababu isiyongoja mwisho wa msimu wala siku moja zaidi. Kocha anayewapiga watoto, anayewatukana matusi ya nguoni, anayewashikashika, anayemwita mtoto mmoja faraghani, anayetaka kusafiri nao bila wazazi kujua, au anayekuomba ubadilishe cheti cha kuzaliwa ili mtoto aonekane mdogo, huyo mkimbie leo. Usiseme "lakini anashinda." Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 humlinda mtoto dhidi ya ukatili na dhuluma, na ukiwa na wasiwasi unaweza kupiga simu bila malipo kwa nambari 116 ya kuwasaidia watoto. Isitoshe, hakikisha watoto waliobaki wako salama pia. Kumtoa wako na kunyamaza ni kuwaacha wa jirani katika moto ule ule.

Sasa tugeukie sababu zisizotosha. Kufungwa si sababu. Timu ya watoto inayofungwa huku ikijifunza ni bora kuliko inayoshinda kwa kutumia vijeba. Sare na basi si sababu. Mtoto wa jirani kuhama si sababu. Kugombana kwako na mzazi mwingine kando ya uwanja ndiyo kabisa si sababu, ingawa nimeona watoto wakihamishwa kwa ajili ya ugomvi wa michango ya maji ya kunywa.

Na ahadi ya Ulaya? Mpenzi msomaji, hapa naomba usome polepole. Kanuni za Shirikisho la Soka Duniani, FIFA, haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhama kutoka nchi moja hadi nyingine kwa ajili ya soka, isipokuwa katika hali chache maalumu, kwa mfano wazazi wake wanapohamia nchi hiyo kwa sababu zao zisizohusiana na mpira. Kwa hivyo, mtu akikwambia kwamba mwanao wa miaka 13 anasubiriwa na klabu ya ng'ambo, na kwamba kinachohitajika ni ada ya "kushughulikia karatasi", shika mkoba wako vizuri. Wazazi wameuza mashamba kwa maneno kama hayo.

Wala usidhani kwamba asiyeondoka mapema amechelewa. Michael Olunga alisomea Shule ya Upili ya Upper Hill, kisha akawa mwanafunzi wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya huku akisakata gozi hapa nyumbani. Mnamo 2015 alikuwa mshambuliaji wa Gor Mahia iliyotwaa ubingwa wa ligi bila kushindwa hata mechi moja. Alipoelekea Djurgården ya Uswidi mwaka uliofuata, alikuwa na miaka 21. Miaka minne baadaye, 2020, alifunga mabao 28 akiwa na Kashiwa Reysol na kuwa mfungaji bora wa ligi kuu ya Japani. Vitabu havikumzibia njia.

Timu ya mtaani nayo usiibeze. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilianza mwaka 1987 kwa watoto wa vitongoji kucheza mpira, na timu zao zilipewa alama za ligi kwa kushiriki kazi ya kuzoa taka mitaani. Kutokana na chama hicho ikazaliwa Mathare United mwaka 1994, klabu iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2008. Dennis Oliech, aliyevuma Ufaransa na katika Harambee Stars, alipitia Mathare United. Vumbi halijawahi kuua kipaji.

Kama umepima hayo yote ukaona kuhama kunafaa, basi hamisha kwa utaratibu. Usimtoe mtoto katikati ya mashindano. Ngoja msimu uishe au likizo ifike. Mpeleke katika klabu mpya afanye mazoezi mara mbili au tatu kabla hujatoa hata ndururu. Uliza maswali bila haya: watoto wa umri wake ni wangapi? Kocha atakayekuwa naye kila siku ni nani, si yule wa kwenye picha? Kuna sanduku la huduma ya kwanza? Mtoto akiumia nani anampeleka hospitalini?

Kisha piga hesabu ya gharama yote, kwani ada ni mwanzo tu. Tuseme nauli ni Sh100 kwenda na Sh100 kurudi. Kwa siku tatu ni Sh600 kwa juma, yaani Sh2,400 kwa majuma manne. Mtoto wa miaka 12 hafai kubadilisha magari mawili usiku peke yake, kwa hivyo ongeza nauli ya mtu mzima, ufikie Sh4,800. Ongeza jezi, michango ya mashindano na chakula. Halafu ongeza kitu kisicholipwa kwa pesa: muda. Anayetoka Barabara ya Ngong saa kumi na mbili jioni kwenda Umoja atakwama katikati ya jiji, akwame tena Barabara ya Jogoo, afike nyumbani saa mbili na kitu akiwa hoi, na kazi ya shule haijaguswa. Madaktari wa michezo hushauri kwamba saa za mazoezi rasmi kwa juma zisizidi idadi ya miaka ya mtoto, na kwamba apate angalau siku moja ya kupumzika. Nadhani saa za kukaa ndani ya matatu nazo zapaswa kuhesabiwa.

Jambo jingine ni karatasi. Uliza kama mwanao amesajiliwa rasmi na timu ya sasa, na kama amesajiliwa, pata barua ya kuachiliwa. Kanuni za FIFA huzipa klabu zilizomfunza mchezaji kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 haki ya kulipwa fidia ya mafunzo iwapo atakuja kuwa mchezaji wa kulipwa na kuuvuka mpaka. Wengi hawafiki huko, lakini kumbukumbu safi ya wapi alicheza na mwaka gani haidhuru. Huenda ikawa hivyo ndivyo yule kocha wa chai atakavyokumbukwa siku moja. Ama cheti halisi cha kuzaliwa, toa nakala tu. Klabu inayotaka kukaa na cheti halisi inataka kukaa na mtoto.

Mwisho, mwache mtoto mwenyewe aage. Mwende pamoja, abebe jezi iliyofuliwa, amshike kocha mkono na kumwambia asante. Atajifunza kwamba mtu huweza kuondoka mahali bila kupachoma moto. Na ikiwa huko aendako hapatamfaa, atakuwa na mlango wa kubisha.

Sasa nikujibu, mama wa Umoja. Umeandika kwamba kijana wako hucheza mechi nzima, kwamba kocha wake humrekebisha, na kwamba kila jioni hukimbia kwenda mazoezini bila kusukumwa. Mtoto huyo hapotezewi wakati. Kwa sasa mwache hapo alipo. Lakini usimfungie. Desemba ikifika, muulize bwana yule kama kijana anaweza kwenda kujaribu kwa juma moja bila malipo. Akikataa, utakuwa umejua alichokuwa akitafuta. Akikubali, mpeleke, utazame, uhesabu mipira na uhesabu watoto.

Zaidi ya yote, ule ukimya wa kijana usiuchukulie kuwa ni "ndiyo". Siku moja msiyo na mechi, mkiosha vyombo au mkienda dukani, muulize maswali mawili: "Ukibaki, utakosa nini? Ukienda, utakosa nini?" Kisha unyamaze umsikilize, na baba yake naye awepo asikie.

Wangu alinijibu siku moja. Alipofika miaka 14 alinijia mwenyewe na kusema, "Baba, hapa nimejifunza yote wanayojua. Nataka kwenda kule ambako watanishinda." Nikampeleka, na safari hiyo hapakuwa na tumbo la Jumamosi. Hakuwa Olunga. Leo ni mtu mzima mwenye kazi yake, na kila Jumapili jioni huenda kucheza na wenzake, akarudi na vumbi magotini akicheka kicheko kile kile.